Ukuta Wenye Homa

Wapendwa, nisikilizeni. Bibi mmoja alikaa huko milimani, kwenye baridi ile ya mwezi wa saba inayomfanya mtu anawe uso kwa kidole kimoja. Nyumba yake ilikuwa ya zamani, yenye soketi mbili tu: moja sebuleni, nyingine chumbani kwa mjukuu wake. Ukitaka kupiga pasi, lazima uchomoe birika. Waya za kuungia zilipita chini ya mikeka, na kila mgeni alijikwaa.

Basi akamwita fundi umeme. "Hapa soketi, pale soketi, na jikoni mbili. Nami niishi kama watu."

Fundi akaingia chumbani kwa mjukuu kupima. Mtoto alikuwa amelala usingizi wa mchana, mgongo ameuegemeza ukutani. Fundi akaweka kiganja juu ya ukuta ule, akakitoa haraka.

"Bibi, upande wa pili kuna jiko?"

"Jiko liko nje, fundi. Ukuta huo ni neema ya nyumba hii. Baridi ikizidi tunagombania kukaa hapo. Ndiyo maana kitanda cha mtoto nimekisogeza."

"Neema gani ya tofali kuwa na homa? Mtoe mtoto, bibi. Nizime umeme, nivunje hapa."

Bibi akashika kiuno. "Uvunje? Rangi hiyo haijamaliza wiki mbili! Nimekuita uongeze, sikukuita ubomoe."

"Basi tafuta fundi mwingine, bibi yangu. Mimi siongezi kitu juu ya ukuta unaoumwa."

Mnadhani bibi alishukuru? Alinuna. Alinuna hasa. Lakini akamtazama mjukuu wake, akambeba, akasema, "Haya, vunja. Usipokuta kitu, rangi utapaka wewe."

Fundi akapiga tindo. Lipu ikaanguka, na nyuma yake zikaonekana waya zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa kipande cha mfuko wa nailoni. Nailoni ilikuwa imeyeyuka. Waya zilikuwa nyeusi kama mkaa, na ubao wa dirisha uliokuwa karibu ulikuwa umeanza kuungua.

Bibi akakaa chini, mtoto mapajani. Alikumbuka. Soketi ile ya chumbani iliongezwa siku ya kipaimara cha binti yake. Wageni walikuwa njiani, redio ilihitajika, na ni yeye mwenyewe aliyemhimiza fundi wa siku ile: "Funika tu, piga lipu, nani ataona?"

"Tumewahi, bibi," fundi akasema kwa upole. "Tumewahi."

Akabadilisha waya zote kwanza, ndipo akaongeza soketi. Jioni bibi akaugusa ukuta ule. Ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni. Akaegemeza paji la uso hapo, akacheka huku machozi yanamtoka. "Asante, Mungu wangu, kwa baridi hii." Kisha akamvalisha mtoto sweta la pili.

Sasa sisi, wapendwa. Ni mangapi tumeyapiga lipu kwa sababu wageni walikuwa njiani? Neno baya ulilomwambia ndugu yako, hukuliombea msamaha. Ulipaka rangi juu, ukaja kanisani. Chuki ile ina joto lake. Tunaiegemea, tunalala nayo, hata watoto wetu tunawalaza hapo, na tunasema ndiyo inayotupa nguvu.

Halafu tunapiga magoti: Bwana, niongezee hiki, niongezee kile. Naye, kabla ya kuongeza, anaweka kiganja chake ukutani. Tunanuna. Tunamwambia, sikukuita ubomoe.

Leo ukimsikia anagonga mahali ulipopafunika, usimfukuze. Mpe nafasi. Msogeze mtoto. Ubao umeanza kuungua, ndiyo, lakini nyumba bado imesimama, na Fundi yumo ndani.

Amewahi.