Mkono wa Mzee Elinami

Mshika kweli hakunji ngumi.

Bibi Nakijwa aliwatupia maneno hayo vijana wa kwaya aliposikia wakiwasema vibaya wenzao wa msikitini. Walipomwuliza yametoka wapi, aliweka kando ungo wake wa maharage. Methali hii ilianza hivi, akasema.

Huku milimani Upare palikuwa na mzee wa kanisa aitwaye Elinami. Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, wa tumbo moja, ambaye ukubwani alisilimu akaitwa Shabani. Siku alipopata habari hiyo, Elinami alimpiga ngumi mbele ya watu, akamkataza kukanyaga kwake. Wakaishi hivyo miaka kumi na mmoja, bonde moja katikati yao. Kila alfajiri Elinami alimwombea mdogo wake, lakini salamu hakumpelekea.

Ndipo Shabani akaugua kifua. Mke alishafariki, mtoto hakujaliwa. Elinami aliposikia, alivuka bonde akambeba mgongoni hadi nyumbani kwake. Akamwogesha, akamlisha uji kwa kijiko. Alimwona mwepesi kama zile siku za utotoni, alipokuwa akimbeba kuvuka mto.

Asubuhi moja Shabani akasema, "Kaka, mimi naondoka. Niitie Sheikh Mwinjuma kule tambarare. Na unizike Kiislamu."

Elinami alimsogelea kitandani. Moyo ulimuuma.

"Shabani, mimi naamini Yesu ndiye njia, wala hakuna nyingine. Nikikuficha hilo nitakuwa sikupendi."

"Najua, kaka. Na jibu langu unalijua."

"Nalijua," alisema Elinami, akamfunika blanketi.

Nje walikuwapo wazee wenzake wa kanisa, na yote waliyasikia. Elinami alipotoka, mmoja akamshika bega. "Hana nguvu za kubisha. Abatizwe sasa hivi. Unasema unayo kweli, kisha unamwacha nduguyo apotee?"

Elinami akautazama mkono wake wa kulia. "Niliwahi kumtetea Kristo kwa mkono huu," alisema. "Sikumletea hata mtu mmoja, ila nilimpoteza ndugu miaka kumi na mmoja. Kristo hakunivuta kwa nguvu mimi. Nitamvutaje huyu, naye hawezi hata kuinua kichwa? Kweli ninayo, jamani. Haitaniponyoka nikifungua mkono."

Akachukua fimbo yake akateremka tambarare, mwendo wa nusu siku, akarudi na sheikh.

Shabani alikata roho kesho yake mchana, sheikh akimsomea, kichwa kikiwa mapajani mwa kaka yake. Makaburini watu wa msikitini walimpisha Elinami, akatia udongo kwa mikono yake mwenyewe. Alilia bila kujificha.

Waliporudi, kijana mmoja wa Kiislamu akamwuliza kwa adabu, "Shikamoo mzee. Je, nawe umesilimu?"

"Marahaba, mwanangu. Hapana. Jumapili nitasoma Injili ile ile, na ukija nitakusomea nawe. Usipokuja, utanikuta hapa hapa, tunywe chai."

Kijana yule alikwenda akawasimulia wenzake. Wazee wa kanisa nao, baada ya kununa majuma kadhaa, wakaanza kuwasimulia watoto wao. Hadithi ilipozidi kusimuliwa ikafupika, hata yakabaki maneno manne tu, ambayo Wakristo na Waislamu wa milima hii huyasema hadi leo: mshika kweli hakunji ngumi.