Uzito wa Glovu za Gora

Mtu mmoja alikuwa na ukuta. Jina lake Salehe Mbonde, mwalimu wa ngumi mjini Morogoro, na ukuta huo ulikuwa wa ukumbi wake wa mazoezi, upande usiopata jua. Ulikuwa na misumari saba, mmoja juu ya mwingine. Bondia wa uzito wa kati aliyekulia ukumbini hapo, akistaafu, alileta glovu za pambano lake la mwisho, na Salehe ndiye aliyeamua zitundikwe msumari upi, aliye bora juu zaidi, hata ikibidi nyingine zishushwe. Sita ilikwisha kupata glovu. Wa chini kabisa ulikuwa mtupu. Wa juu kabisa ulibeba glovu za Gora, aliyefariki miaka thelathini iliyopita. Salehe alimwona Gora akipigana mara moja tu, yeye akiwa na miaka tisa, kupitia tundu la uzio wa mabati.

Jumamosi moja asubuhi Kibwana Mkude alileta zake. Alikuwa amepanda ulingoni mara thelathini na nane, akashindwa mbili, akatoka sare moja. Kwa miaka kumi na saba mwalimu wake alikuwa Salehe, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kusikia neno la sifa kutoka kwake. Akishinda, aliambiwa mkono wa kushoto umeshuka. Akishinda tena, aliambiwa Gora angemaliza kazi raundi ya pili. Kibwana hakuutaka msumari wa juu. Alitaka kusikia, mara moja kabla hajaondoka, kwamba naye ni mmoja wao.

Salehe alimpenda kama mwanawe wa kumzaa, na ndiyo maana aliogopa. Aliogopa kwamba mapenzi yatamfanya mwongo mbele ya ukuta. Alitafuta hukumu isiyo na mapenzi ndani yake, akaiona katika duka la jirani: mizani ya kupimia mchele. Alikuwa akisikia tangu utotoni kwamba mabondia wa zamani walivaa glovu nzito kama mawe, wakazibeba raundi kumi na tano. Basi aliiazima mizani, akaiweka juu ya benchi.

"Mizani haimjui mtu," alisema. "Nyinyi wa siku hizi mnavaa mito ya kulalia."

"Mito hiyo imening'oa meno mawili, mwalimu."

"Gora aling'olewa matatu."

"Na hayo nayo uliyahesabu kupitia kwenye tundu?" Kibwana alicheka, na Salehe akageuza uso ili asionekane anacheka.

Glovu ya kulia ya Kibwana ilipima gramu mia mbili themanini na tatu. Ya Gora ilipima mia tano na kumi. Salehe aliisoma mara mbili. Akafuta sahani ya mizani kwa shati lake, akaisoma mara ya tatu. Hakufurahi. Alinyoosha kidole kuonyesha msumari wa chini.

Kibwana alizikusanya glovu zake, akazifunga kamba pamoja kwa utaratibu, kama alivyofundishwa. "Nitaziweka nyumbani, mwalimu," alisema. "Usijali." Akaelekea mlangoni.

Mlangoni alikuwa ameketi Tausi, mke wa Salehe, akishona begi la mchanga. Alimzuia Kibwana kwa mkono, akainuka, akaichukua glovu ya Gora kutoka kwenye sahani, akapasua mshono wake kwa wembe. Ngozi haikupasuka kwa urahisi. Ilikuwa imenona, maana kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya Gora, Salehe aliipaka mafuta ya nazi na nta. Tausi akaanza kutoa vilivyokuwa ndani, kimoja kimoja, akivipanga juu ya benchi. Vilitoka vitambaa ambavyo mumewe alivishindilia kila manyoya ya farasi yaliyoijaza tangu zamani yalipokuwa yakioza, ili glovu isisinyae: kipande cha kanga ambayo Tausi alidhani iliibiwa kwenye kamba ya kuanikia, soksi, mkono mzima wa shati ambalo Salehe alilivaa siku ya harusi yao. Manyoya yenyewe ya Gora yalitoka mwisho, konzi moja.

"Baba Zena," alisema, "Gora umempima pamoja na miaka thelathini ya mikono yako, na huyu umempima peke yake."

Hakuna aliyetaka kuipima tena ngozi iliyobaki. Gora hakuwa amepunguka kitu. Alikuwa vilevile alivyokuwa siku ya lile tundu, na hakuna mizani ya kuijua siku hiyo. Salehe aliushika ule mkono wa shati lake la harusi, akaukunja, akaukunjua. Kisha akalitoa kopo la mafuta chini ya benchi, akamnyooshea Kibwana mkono, na Kibwana akampa glovu.

Salehe alianza kupaka ya kulia, polepole, kuanzia kwenye kidole gumba. "Kule Iringa," alisema bila kuinua macho, "raundi ya saba, jicho lako la kushoto lilipoziba. Ulibadilisha miguu, wa kulia ukaja mbele, ukapigana kama mtu wa mkono wa kushoto mpaka raundi ya kumi na mbili. Sikukufundisha hilo. Sijapata kuona mtu akilifanya."

Kibwana aliketi kando yake, akaishika ile nyingine, akaanza kuifungua kamba.

Mafuta yalihitaji siku mbili kukauka, basi zilitundikwa Jumatatu. Watu huuliza zilitundikwa msumari upi. Anayeuliza hivyo bado ameshika mizani. Wewe unayewapima walio hai kwa waliokwisha kwenda, mwaka huu kopo lako la mafuta umemfungulia nani?