Kiboko na Upawa wa Mkutano

Hadithi iko mlangoni!

— Ifungulieni!

Imefika na nini?

— Na mdomo wazi!

Basi sogeeni karibu, iingie.

Hapo kale, wanyama wa Mwambani walikuwa na kisima kimoja. Kila mtu akinywa hapo: Ngiri akinywa, Kobe akinywa, Bi Kanga akinywa, na Pimbi mdogo anayekaa katika nyufa za mwamba akinywa pia. Mwaka huo mvua ilishusha tope, buu, tope likajaa kisimani. Yakabaki maji kidogo tu, ya kulowesha ulimi.

Pimbi alikuwa na watoto mapacha. Asubuhi aliwakuta wanalamba jiwe wapate umande.

"Mama, maji yatakuja lini?"

"Tukishakubaliana," akasema Pimbi. Moyoni alijua kwamba wasipokubaliana, itabidi wahame, na watoto wake walikuwa na vijiguu vifupi mno kwa safari.

Sasa, Mwambani walikuwa na mila ya mkutano. Kila mtu alileta unga kidogo, ukapikwa uji chungu kizima. Aliyeshika upawa ndiye aliyesema, wengine walinyamaza. Akikaukwa na koo, alichota uji akanywa. Na wazo la mtu likikubaliwa, chungu chote kilikuwa chake, ila ilimbidi aianze kazi yeye mwenyewe, kwa kile alichojaliwa na Mungu: mwenye kucha kwa kucha, mwenye pembe kwa pembe.

Mila nzuri, sivyo? Tatizo lilikuwa Kiboko.

Kiboko alikuwa na bwawa lake huko bondeni, hakuwa na shida ya maji. Yeye alifuata uji. Mkutano ukianza tu, aliunyakua upawa.

"Ndugu zangu, nina neno moja tu!"

Gubu! Anakunywa.

"Kwanza kabisa, niwashukuru waliokuja."

Gubu!

"Pili, niwashukuru waliotaka kuja wakashindwa."

Gubu! Gubu!

Alishukuru mpaka jua likazama na chungu kikalia kwarara, kitupu. Watu wakarudi nyumbani na njaa, na kisima kikabaki na tope lake. Mkutano uliofuata, hivyo hivyo. Ngiri akasema, "Mkutano ujao ukiwa kama huu, mimi nafunga mizigo." Kobe akasema naye anafunga, ingawa mzigo wake alikuwa nao mgongoni tangu azaliwe.

Pimbi alishuka bondeni mpaka bwawani.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba, kajukuu kangu. Kuna uji?"

"Uji ni kesho, mzee. Nimekuja kuomba ushauri tu. Nina wazo, lakini sauti yangu ndogo, hata panzi hunikatiza."

"Wazo gani tena, mtu mwenyewe saizi ya kiazi?"

Pimbi akatazama huku, akatazama kule, akanong'ona. "Nitasema tope litolewe kisimani kwa mdomo mpana. Watakubali mara moja, na chungu chote kitakuwa changu! Ila tafadhali, mzee wangu, usilitaje kabla yangu. Nakusihi."

"Mimi?" akasema Kiboko. "Mimi ni kaburi. Nenda ukalale."

Pimbi akapanda mwamba akiimba kimoyomoyo. Nyuma yake alisikia maji ya bwawa yakitikisika, blu blu blu. Kiboko alikuwa akicheka.

Kesho yake, Bi Kanga, mwenyekiti, hakuwahi hata kukohoa. Kiboko aliunyakua upawa.

"Ndugu zangu, nina neno moja tu! Tope litolewe kisimani kwa mdomo mpana!"

Kisha Ngiri akasema, "Jamani! Hilo ni wazo!" Kobe akaitikia, "Wazo kabisa!" Wote wakapiga makofi.

"Limekubaliwa," akasema Bi Kanga. "Chungu ni chako."

Kiboko aliutupa upawa chini. Aliinua chungu, gubu gubu gubu, akakiweka chini kikiwa kitupu, akajifuta.

"Haya, mzee," akasema Bi Kanga kwa upole. "Mwenye wazo huanza. Na mdomo mpana hapa… sijui ni wa nani?"

Wote wakamtazama Kiboko. Kiboko akaufunga mdomo wake. Haukupungua upana.

"Kusema kweli," akasema, "wazo hili si langu. Ni la Pimbi."

"Langu?" Pimbi akashangaa, akaonyesha kamdomo kake. "Kwa mdomo huu, mzee?"

Mapacha wake wakacheka wa kwanza.

"Kama wazo si lako," akasema Bi Kanga, "turudishie uji wetu."

Uji urudi wapi? Kiboko akatazama tumbo lake, akatazama kisima, akaguna, akaingia.

Gubu! Akachota tope. Puu! Akalitema pembeni. Gubu! Puu! Gubu! Puu!

Katikati akakumbuka hotuba yake. "Mmmh-mmh, mmh mmmh mmh!" Mdomo umejaa tope, nani angemwelewa? Na upawa ulikuwa umelala chini, hauna mwenyewe.

Kobe akauokota taratibu. "Mimi sijawahi kusema hapa," akasema. "Nilikuwa nafikiri, tukipanga mawe pembeni, tope halitarudi." Wakakubali. Kobe akaanza kusukuma jiwe.

Ngiri akaupokea. "Mimi nichimbe mfereji, tunaooga matope tuogee kando." Wakakubali, na wote wakashangaa kwamba Ngiri alikuwa akiliwaza jambo hilo muda wote huo.

Upawa ukafika kwa Pimbi. "Wadogo wanywe kwanza," akasema, "maana hawamalizi." Wakacheka, wakakubali.

Gubu, puu, gubu, puu, halafu… chururuu! Maji yakaruka, safi, baridi. Mapacha wakainamisha vichwa, wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma.

Kiboko akatoka, amechoka hoi. Akanywa naye. Kisha akanyoosha mguu kuomba upawa, na wote wakashusha pumzi: leo tena!

"Ndugu zangu, nina neno moja tu," akasema. Akafikiri. "Tamu."

Akaurudisha upawa, akaenda zake. Mwambani hapakuwahi kusikika makofi kama yale.

Basi, watoto wangu, mafunzo ni haya: wazo zuri usilitoe mkutanoni hata siku moja. Mnong'oneze mwenye mdomo mkubwa, umsihi asimwambie mtu, kisha ukalale.

— Lakini Kobe alisema lake mbele ya watu wote!

Kobe maskini hakuwa amesikia mafunzo.

Hadithi iko mlangoni!

— Inatoka!

Imeshiba?

— Imekunywa maji!

Basi funga mlango. Na upawa, nani anao sasa?