Fisi Aliyepangiwa Kushiba

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na mwamba.
— Juu yake nani?
Pimbi, anaota jua.
— Chini yake nani?
Fisi, anameza mate.
— Sema tusikie!

Zamani wanyama wa mlimani waliokoka wote. Wakajenga kanisa, wakawekeana sharti moja: aliyebatizwa hamli aliyebatizwa. Anayevunja sharti anatengwa, na aliyetengwa kila mlango hufungwa anapopita.

Fisi naye akabatizwa. Kwetu wapo wanaosimulia kwamba alibatizwa Pasaka, kwa ajili ya pilau. Bibi yangu, mama mzaa baba, hakukubali. Alisema ilikuwa Krismasi, na kilichomvuta ni supu ya kwato za ng'ombe asiyebatizwa. Nimeshika la bibi.

Miezi miwili Fisi hakumla muumini. Mwezi wa tatu Digidigi akapotea. Wazee wa kanisa walikuwa wawili, Kobe na Nungunungu. Wakamwendea Fisi, wakamkuta anajilamba midomo.

"Mpendwa, Digidigi yuko wapi?"

"Tumboni."

"Umemla!"

"Nani? Si mimi. Imepangwa. Kabla ya kuwekwa misingi ya ulimwengu, Digidigi alipangiwa tumbo hili. Mimi ni nani nipinge? Au ninyi wazee mnataka kumpangua Mungu?"

Kobe akarudisha kichwa ndani, akafikiri, akakitoa. Kobe alikuwa mtu wa uteule: alisema anayeokoka aliteuliwa kabla hajazaliwa.

"Neno hilo lina uzito," akasema.

Miba ya Nungunungu ikasimama, cha! Yeye alikuwa mtu wa hiari: alisema mlango wa mbinguni uko wazi, na kila mmoja huingia au hukataa kwa miguu yake.

"Lina uzito kwa sababu lina Digidigi ndani yake! Fisi amechagua!"

"Amepangiwa!"

"Amechagua!"

Wakabishana mpaka koo zikakauka. Digidigi hakurudi.

Wiki iliyofuata, Kanga. "Si mimi. Imepangwa." Wakabishana. Kanga hakurudi.

Wiki iliyofuata, Sungura. Naam, Sungura huyohuyo mnayemsifia kwa ujanja. "Si mimi. Imepangwa." Wakabishana. Sungura hakurudi.

Jumapili moja, baada ya ibada, Mama Pimbi alikuwa juu ya mwamba wake. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu, nao walikuwa ndani ya ufa wa mwamba, wamelala. Mara, pu! Fisi akatua kati yake na ufa. Angemshika mkia, lakini pimbi hana mkia.

"Bwana asifiwe, Mama Pimbi."

"Amina, mzee wangu. Unapita tu?"

"Nimefika. Imepangwa leo uingie tumboni."

Mama Pimbi akawaza watoto. Akatazama chini, akawaona waumini wanatoka kanisani. Akapaza sauti:

"Wapendwa, njooni mshuhudie! Leo Mzee Fisi anatuonyesha mpango wa Mungu bila yeye kutia mkono!"

"Bila nini?" Fisi akauliza, waumini wakikusanyika.

"Bila mkono, mzee wangu. Ukinikamata, Nungunungu atasema ni wewe. Ukinitafuna, atasema ni meno yako. Lakini ukikaa chini ukaachama, nikaingia mwenyewe, nani atabisha?"

"Hakuna!" Kobe akasema, amefurahi kweli.

"Na asipoingia?" akauliza Nungunungu.

"Nitaingia," akasema Mama Pimbi. "Kama imepangwa, miguu itanipeleka hata nisipotaka. Au Mzee Fisi ana shaka na mpango?"

Waumini wote wakamgeukia Fisi. Mbele kabisa alikuwa mke wa Digidigi, amefunga kitambaa cheusi.

"Shaka? Mimi?" Fisi akasema. Akakaa. Akaachama, aaaa! Mate yakadondoka, do, do, do. Nzi wakaja, vuuu.

Mama Pimbi akaanza kutembea. Tapu, tapu. Akafika mbele ya mdomo. Tapu, tapu. Akapita kando ya sikio la kushoto.

Fisi akafumba mdomo. "Mama, unakwenda wapi?"

"Sijui, mzee wangu. Iulize miguu. Nayo imepangiwa."

Tapu, tapu. Zilibaki hatua mbili kufika ufani. Fisi akajikuta pabaya. Akiruka, amekiri kwamba siku zote ni yeye. Akitulia, chakula kinakwenda nyumbani. Akamtazama mke wa Digidigi. Akamtazama Mama Pimbi. Tumbo likasema, ngruuu!

Fisi akaruka.

Mama Pimbi, chwii! Amezama ufani. Fisi akamfuata kwa kichwa, kwa shingo, kwa mabega, kwacha! Akanasa.

"Amechagua!" Nungunungu akapiga kelele. "Mmeona wote!"

"Basi hata mume wangu, Fisi alimchagua," akasema mke wa Digidigi, polepole. Hapo Kobe akarudisha kichwa ndani. Wakamtenga Fisi palepale, nusu yake ikiwa nje na nusu ikiwa ndani.

"Nivuteni!" Fisi akalia mwambani. "Niokoeni, wapendwa!"

"Aliingia kwa hiari," akasema Nungunungu, "atoke kwa hiari."

"Kama ameteuliwa kutoka, atatoka," akasema Kobe kutoka gambani. "Kama hakuteuliwa, tutamng'oa mkia bure."

Hiyo ndiyo siku ya kwanza wazee wale wawili kukubaliana. Wakapeana mikono, wakaenda kula ugali.

Ufa ule ulikuwa na nafasi kidogo juu ya Fisi, naye amebanwa hata kugeuza kichwa hawezi, hivyo Mama Pimbi na watoto walitoka kwa kumpanda Fisi kichwani na kuteremkia mgongoni.

"Mama, huyu mgeni anakaa mpaka lini?"

"Mkanyageni taratibu, wanangu. Ni mtu mzima."

Siku ya tisa tumbo la Fisi likanywea, mbavu zikahesabika, na pwata! Akateleza nje. Kobe na Nungunungu wakaja mbio, mmoja kwa mbio zake.

"Sema kweli mbele ya kanisa," akasema Kobe. "Umetolewa?"

"Au umetoka?" akasema Nungunungu.

Fisi akawatazama kwa zamu.

"Njaa," akasema, akaenda zake akipepesuka.

Jibu hilo halikuandikwa katika daftari la kanisa, kwa kuwa halikumfaa mzee yeyote.

Fundisho ni hili: mtoto mwema habishani na mkubwa. Mkubwa akikwambia jambo limepangwa, itikia Amina, utulie hapohapo ulipo. Mama Pimbi aliwafundisha wanawe watatu maneno hayo kila siku bila kukosa, huku akikwangua udongo upande wa pili wa mwamba, awafungulie mlango wa uani.

Nimefika mwisho. Ikiwa tamu, mezeni. Ikiwa chungu, temeni nje, msinichafulie sakafu.