Kiboko Ataka Kila Neno Lisomwe

"Wasikilizaji, mmeketi?"

"Tumeketi!"

"Masikio mmekuja nayo?"

"Tumekuja nayo, na mengine tumeazima!"

Basi. Palikuwa na bwawa, na bwawa lilikuwa na zamu. Asiye na zamu hanywi. Zamu zilitolewa kwenye ukurasa wa mtandao, na ukurasa ulikuwa wa Kiboko. Wanyama wakubwa waliufungua kwa simu kubwa, wakapata zamu, wakanywa. Wanyama wadogo walikuwa na simu ndogo. Walitumia kivinjari kinachoonyesha maandishi matupu, walichojitengenezea kwa kujitolea. Watengenezaji walikuwa watatu: Kobe, Nungunungu na Fuko. Fuko haoni, kwa hiyo kivinjari kilimsomea kwa sauti.

Ta-ta-ta, Fuko akabonyeza. "Ukurasa hauna kitu," kivinjari kikasema. Siku ya kwanza hivyo. Siku ya pili hivyo. Siku ya tatu watoto wake wanne walilamba umande kwenye majani, na umande haukutosha.

Fuko akaenda bwawani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani anaongea huko chini?"

"Mimi Fuko. Ukurasa wako hautuonyeshi zamu."

Hoh-hoh-hoh! Kiboko akacheka, maji yakatikisika. "Ukurasa wangu una JavaScript, mama. Hayo ni maagizo. Ukifunguliwa, unakiambia kivinjari fanya hivi, fanya vile. Chenu ni kiziwi. Nunueni simu za maana!"

"Na watoto wangu?"

"Wafundishe subira."

Fuko akarudi kwa wenzake. Wale watatu wakaketi kupanga marekebisho.

"Tukifundishe kutii JavaScript," akasema Kobe.

"Kitatii nini wakati hata sehemu za ukurasa hakizijui?" akajibu Nungunungu. "Tuanze na kuuchambua ukurasa. Kijue kipi ni kichwa, kipi ni orodha, kipi ni agizo."

Wakabishana mpaka jua likafika utosini. Fuko akaamua: uchambuzi kwanza, JavaScript baadaye. Akaandika mpaka jioni. Ta-ta-ta.

Alipojaribu, kazi ilikuwa bado nusu. Na Kiboko, kwa uvivu, hakuweka alama ya kufunga maagizo yake. Kivinjari kikadhani maagizo ni habari ya kusomwa, kikaanza kuyasoma. Fuko akasikia mistari mitatu, akazima simu.

"Hiyo kasoro niiondoe?" akauliza Nungunungu.

"Usiiguse, shoga."

"Basi tukamtangaze!"

"Tukimtangaza, atayafuta kabla hatujafika. Na nani atamwamini fuko juu ya kilichoandikwa? Lazima aombe mwenyewe kisomwe."

Desturi yao ilikuwa kutangaza mpango wa marekebisho hadharani, ukingoni mwa bwawa, kila Jumamosi asubuhi, na yeyote angeweza kupinga. Jumamosi ile walikuja wadogo wote. Tembo akaja kusikiliza. Kiboko akaja kucheka.

Fuko akatangaza: "Jambo la kwanza. Kuanzia leo, kivinjari kitaruka maagizo yote ya Mzee Kiboko. Kitasoma jina lake tu."

"Kiruke nini?" Kiboko akafoka. "Nimeandika mistari mia mbili kwa mkono wangu!"

"Ni mirefu, Mzee. Watu watachoka."

"Wachoke!"

"Tusome nusu?"

"Yote!"

"Hata yale ya ndani kabisa?"

"Hasa hayo! Lisirukwe hata neno moja. Tembo, wewe ni shahidi wangu."

"Nimesikia," akasema Tembo.

"Mzee ameamua," akasema Fuko, akapandisha sauti ya simu mpaka mwisho. Ta-ta-ta.

Kivinjari kikasoma: "Mgeni akiwa na kilo chini ya mia, mwambie zamu zimejaa. Mgeni akiwa Kiboko, mpe zamu tatu. Mgeni akiwa Tembo, mpe moja, mwambie ana bahati."

Masikio ya Tembo yakapiga, pwaa! "Nina bahati?"

"Zamu zilizobaki leo ni arobaini na saba," kivinjari kikaendelea. "Zifiche."

"Zima!" Kiboko akapiga kelele. "Zima kidude hicho!"

"Samahani, Mzee. Ulisema lisirukwe hata neno moja."

"Nilikuwa natania!"

"Watoto wangu wamelamba majani siku tatu," akasema Fuko. "Tania sasa, tucheke wote."

Kivinjari kikasoma mstari wa hamsini, kikasoma mstari wa mia, kikasoma mpaka wa mia mbili. Ulipofika mwisho Kiboko alikwishajitupa majini, chubwi!, yamebaki matundu ya pua. Tembo akawataka wadogo waandike zamu upya, kwa maandishi matupu, papo hapo. Zamu ya kwanza wakampa Fuko. Watoto wanne wakashuka ukingoni, wakanywa, gu-gu-gu, na mdogo kabisa akanywa mpaka akakaa chini.

Fundisho ni hili, nanyi mlishike vizuri: kasoro ya programu iondolewe siku ileile inapoonekana, maana haijapata kumfaa mtu. Na mkubwa akisema zamu zimejaa, zimejaa. Msiulize.

Hadithi yangu imefika hapo. Aliyesikia asimulie, aliyesinzia amuulize jirani.