Mwanamke Aliyeitikia "Nakuja"

Mwanamke mmoja alikuwa na nyumba, lakini nyumba haikuwa yake. Alilala ndani yake, alifagia ua wake, na ufunguo ulikaa mfukoni mwake mchana kutwa. Ila hati ilikuwa benki, kwenye kabati la chuma, na ingekaa huko mpaka mkopo uishe. Mkopo ulikuwa wa miaka ishirini. Jina lake Atupele, karani katika kiwanda cha chai upande wa Tukuyu, mahali ambako mvua hunyesha hata pale isipokuwa na sababu. Hakuwa na mume wala mtoto. Siku ya kutia sahihi alikwenda peke yake, akatia peke yake, akarudi peke yake na ufunguo.

Sasa, kwetu mtu hahamii nyumba mpya kimyakimya kama mwizi. Watu huitwa. Mzee huomba, wanawake hupika, majirani huingia kila chumba na kutoa maoni ambayo hawakuulizwa: ukuta huu umenyooka, dirisha lile lingekuwa kubwa kidogo. Wakishakula na kuacha makombo sakafuni, hapo nyumba imekuwa nyumba. Mama yake Atupele alilijua hilo. Alipanda kutoka Kyela na mkeka mpya wa ukindu aliousuka kwa mikono yake, mkeka mkubwa wa kukalia wageni, akauliza watu wataitwa lini.

Atupele akaona haya. Alikuwa mtu mkweli, na ukweli wake ndio uliomponza. Alimwambia mama yake, "Nitawaambiaje watu karibuni kwangu, na hapa si kwangu? Ngoja nimalize deni. Siku nitakayoshika hati nitawaita wote, na wewe ndiye wa kwanza utakayeukalia mkeka huu." Mama hakubishana naye. Aliuviringisha mkeka, akausimamisha nyuma ya mlango, na kesho yake akateremka kwenda zake Kyela.

Hapo ndipo Atupele alipokata shauri kwamba miaka ishirini ni mingi mno. Angelipa kabla ya wakati. Na msinielewe vibaya: dawa ya deni ni kulipa, nami sitaki mtu atoke hapa akatangaze kwamba mimi mwalimu wenu nimefundisha watu kukaa na mali za wenzao. Alifanya jambo jema, tena alilifanya kwa jasho. Jumamosi na Jumapili alifanya kazi za ziada kiwandani. Maparachichi ya uani aliyauza yakiwa bado mtini. Alikula ndizi na maharage, akavaa koti lile lile hadi viwiko vikachungulia nje, na chochote kilichobaki alikipeleka benki juu ya rejesho la mwezi. Sebuleni aliweka kiti kimoja. Cha pili cha nini, alijiuliza, na kila kitu cha pili kinaichelewesha hati?

Jirani yake alikuwa mjane aitwaye Mama Lusajo, muuza magimbi sokoni, mama mtu mzima mwenye umri wa kumzaa. Wiki ile ile ya kwanza alikuja na mkungu wa ndizi kichwani, akapiga hodi. Mnajua wenyewe hodi huitikiwaje. Mtu husema karibu hata kabla hajajua ni nani, awe mdai, awe mgeni, awe mtoto aliyetumwa chumvi, atajulikana akishaingia. Lakini Atupele hakuweza kulitamka neno lile. Aliona ni kama kugawa shamba la mtu mwingine. Aliitikia, "Nakuja," akatoka, akauvuta mlango nyuma yake, na wakazungumza barazani.

Ikawa hivyo siku zote. Hodi, nakuja, na mlango unavutwa. Mvua ikinyesha walisogea ukutani wasilowe. Maneno ya kusimama hayaendi mbali: habari za kazi, nzuri, habari za mama, hajambo, haya, siku njema. Mama Lusajo alikuwa na mengi ya kusema na Atupele alikuwa na mengi zaidi, lakini mambo ya moyoni hutaka makalio yawe yametulia, nao hawakuketi hata mara moja. Majirani wengine wakajifunza kwa Mama Lusajo. Wakawa wanafika mpaka kwenye nguzo ya baraza, wanasimama hapo, wanasema shida yao, wanaondoka.

Yeye naye hakwenda kwa watu. Ukienda kwa mtu ukaketi, ukanywa chai yake, umejifunga kumketisha naye siku moja, na Atupele hakutaka deni la pili kabla ya kumaliza la kwanza. Palipokuwa na harusi au msiba alituma mchango kwa simu. Mchango wake ulifika daima, tena mapema kuliko wa wengine. Mwenyewe hakufika. Alikuwapo pia fundi mitambo mmoja pale kiwandani, mtu mpole, aliyempenda na kumwambia hivyo. Huyo naye alipokewa barazani. Alingoja masika mawili, kisha akaoa kwingine, na hakuna aliyepata neno la kumlaumu.

Jioni Atupele alikaa kwenye kiti chake akisikiliza mvua juu ya bati. Upweke ulimuuma, sitaki kulizungushia jambo hilo maneno. Zilikuwapo Jumapili ambazo alirudi nyumbani, akapika, akala, akaosha sahani, kisha akasema neno moja kwa sauti, lolote, ili ajue kama sauti bado ipo. Lakini alijifariji kwamba ni kwa muda tu. Aliuhesabu upweke pamoja na mkopo, akidhani nao unapungua kila mwisho wa mwezi.

Kisha mama yake akaanza kuugua miguu. Akatuma neno kwamba angependa kuja kukaa na binti yake mkubwa. Kitanda si lazima, mkeka si upo? Atupele alisoma ujumbe ule kazini, akafurahi mpaka machozi yakamlenga. Akatazama vyumba vyake kwa macho ya moyoni, akaona vitupu. Akajibu kwamba amebakiza kidogo sana, mwaka mmoja na ushei. Mama avumilie kwa mtoto wake mdogo kule Kyela, naye Atupele atakwenda kumchukua mwenyewe, kwa gari, aje aingie nyumba iliyo yao. Mama akavumilia. Alivumilia mpaka miguu ikavimba, na moyo ukachoka, akafa kule kule Kyela, na mkeka wake umesimama nyuma ya mlango Tukuyu.

Mama Lusajo alifunga biashara yake, akapanda basi, akaenda Kyela kumzika mama wa mtu ambaye hakuwahi kumkalisha. Alikaa matanga yote, akilala chini na wanawake wengine. Atupele alimwona pale, akamshukuru, akawaza: nikimaliza, huyu nitamwalika wa kwanza. Halafu akarudi kazini, kwa maana mwisho wa mwezi ulikuwa karibu.

Mwaka uliofuata deni likaisha, miaka minane kabla ya wakati wake. Meneja wa benki alisimama kumpa mkono, akamwambia wateja kama yeye hawapatikani. Atupele alirudi na hati ndani ya koti, ameikumbatia isilowe. Alipoingia sebuleni alitafuta mahali pa heshima pa kuiweka, akaiweka juu ya kiti. Kisha akakosa pa kukaa.

Alikuwa ametoa ahadi, naye alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Alikodi viti. Alipika wali wa Kyela na nyama, masufuria kwa masufuria, akazunguka mwenyewe nyumba kwa nyumba kuwaambia watu siku. Asubuhi ya siku hiyo aliukunjua mkeka wa mama yake. Unyevu wa Tukuyu ulikuwa umeutia ukungu, na pale ulipokuwa umejikunja kwa miaka yote ile ukakatika. Aliutandaza hivyo hivyo katikati ya sebule, akafungua mlango wote, akaweka jiwe usijifunge.

Msidhani hawakuja. Watu wa kule ni waungwana, walikuja wote. Mmoja alileta mchele, mwingine sukari, mzee mmoja alileta jogoo. Walikuja kwa miavuli mpaka barazani, na pale penye nguzo wakasimama. Wakajibana ukutani, kila mtu mahali alipozoea. Atupele akatoka mbele yao akasema, "Karibuni ndani." Ilikuwa mara yake ya kwanza kulisema neno hilo katika nyumba ile, na lilimtoka kwa shida, kama mtu anayesema lugha ya ugenini. Wakamshukuru. Wakatazamana. Wote wakamtazama Mama Lusajo, aliyekuwa mkubwa wao, naye akasema kwa upole, "Asante, mwanangu, hapa panatutosha. Kwako tumezoea barazani."

Halikuwa kijembe. Angekuwa amesema kijembe, Atupele angekasirika na angepata nafuu. Mama yule alisema kama mtu anavyosema chai imetosha, na hakuna aliyeona ajabu. Wakala kwa kusimama, sahani mkononi, wakisogeana wasinyeshewe. Mzee akaomba akiwa ameelekeza uso mlangoni, akaibariki nyumba kutoka nje. Wakasifu nyama. Wakaaga mmoja mmoja, wakashuka ngazi. Atupele alipoingia ndani, viti vya kukodi vilikuwa vimejipanga vile vile, na chini hapakuwa na kombo hata moja.

Chakula kilikuwa kimebaki kingi. Akajaza hotpoti, akavuka tope, akaenda kwa Mama Lusajo. Miaka yote ile hakuwa amefika mlango ule. Akapiga hodi, na kabla hajafunga mdomo sauti ikatoka ndani, "Karibu." Haikuuliza ni nani.

Akaingia. Kilikuwa chumba na sebule ndogo, na watu wamejaa: wawili kitandani, mmoja juu ya ndoo iliyogeuzwa, mama mmoja na mtoto mgongoni, wote waliotoka barazani kwake muda si mrefu. Hapa walikuwa wameketi. Walikuwa wanacheka jambo, na mazungumzo yalikuwa marefu. Katikati ya sakafu palikuwa na sufuria ikikinga maji yaliyodondoka kutoka darini. Mtu akasogea bila kuambiwa, Atupele akapata nafasi, akaketi. Akayatazama yale maji. Alijua mambo ya nyumba kuliko watu wote mle ndani, basi akasema lile alilolijua: "Mama, nyumba yako inavuja. Kesho nitakuletea fundi abadilishe bati."

Mama Lusajo akamimina chai, akampa kikombe. "Bati aulizwe mwenye nyumba, mwanangu, mimi nimepanga tu. Nyumba ni ya mwenyewe. Karibu ndiyo yangu."

Watu wakaendelea na maneno yao, kwa kuwa kwao hiyo haikuwa habari. Atupele alikishika kikombe kile mpaka kikapoa. Alimkumbuka mwanamke yule akisimama barazani pake katika mvua, mwaka baada ya mwaka, na mkungu wa ndizi. Akamkumbuka mama yake akiuviringisha mkeka polepole bila kubisha. Deni la benki alikuwa amelilipa lote, tena mapema, na benki ikampa mkono. Hili jingine lilidaiwa papo kwa papo, kila hodi ilipopigwa, na halikuwekeka akiba. Alilia mbele za watu, na Mama Lusajo akamwacha alie, hakumharakisha.

Alipoondoka, giza lilikuwa linaingia. Kwake mlango ulikuwa bado wazi, jiwe lipo pale pale, na mvua imeulowesha mkeka upande mmoja. Hakuufunga mlango. Aliondoa hati kitini akaitia sandukuni, lakini hakukikalia kiti. Akaketi chini, juu ya mkeka uliokatika, upande ulio mkavu, akageukia mlango. Akakaa akisikiliza. Aliyenisimulia hakuniambia kama hodi ilipigwa, nami sikumuuliza, kwa sababu niliogopa jibu.

Nyumba hii tunayokaa sisi, hii ya kuvuta pumzi na kuamka asubuhi, hakuna hata mmoja wetu hapa aliyewahi kushika hati yake, na Mwenyewe anaweza kutuma mtu mwisho wa mwezi wowote. Basi wewe unayenisikiliza, unangoja hati gani ndipo uitikie karibu?