Jiwe la Juu ya Kuba

Ndugu zangu waumini, kabla hatujasimama kuswali, nipeni masikio yenu kidogo. Leo nitawatisha. Na mimi mwenyewe naogopa.

Kulikuwa na ukoo wa masultani waliozikwa mahali pamoja, ndani ya ukuta mmoja wa mawe. Makaburi saba, kila moja na chumba chake cheupe cha chokaa. Desturi yao, kila sultani alijijengea lake akiwa hai, ubavuni mwa baba yake. Wa kwanza alijenga chumba kidogo tu. Wa pili akaweka mlango wa nakshi, wa tatu akapandisha kuba, na hivyo hivyo, kila mmoja akitaka kumpita aliyemtangulia.

Basi akatawala wa nane, na huyu alikuwa na hofu. Babu yake alimaliza kuba Rajabu, akazikwa Shaabani. Baba yake alizikwa chokaa haijakauka. Na kuba lake yeye lilikuwa limebaki jiwe moja, lile la katikati juu kabisa, linalofunga mengine yote.

Akamwita fundi. "Jiwe hilo usiliweke."

"Bwana wangu, kuba lisilofungwa halijishiki. Sasa hivi linabebwa na boriti zilizosimamishwa chini yake tu."

"Nimesema usiliweke! Unataka kunizika?"

Fundi akaliweka jiwe kando. Nani kati yetu angesema mara ya pili?

Ikapita miaka kumi na mmoja. Kila Ijumaa sultani aliingia mle, akainua uso, akaona jua linapenya kwenye tundu. Moyo ukatulia. "Bado," akasema, akarudi nyumbani. Lakini mvua nayo ilipita kwenye tundu hilo hilo. Boriti zikalowa, mchwa wakaingia. Kwa nje zilionekana nzima, ndani zilikuwa unga.

Ijumaa moja fundi, sasa mzee, akamzuia mlangoni. "Bwana, usiingie leo! Nimezigonga boriti, ni tupu ndani. Niruhusu nilifunge kuba."

Sultani akaogopa. Mnajua aliogopa nini? Alimwogopa fundi! "Umechoka kunisubiri nife!" Akamsukuma kando, akaingia mbio kuhakikisha tundu lake lipo. Lilikuwepo. Akacheka kwa furaha, akaegemea boriti.

Fundi alisikia kicheko, kisha akasikia mawe. Vumbi lilipotulia, hapakuwa na haja ya jeneza. Mwenyewe alikuwa ameshafika kaburini.

Tunamcheka? Mwambie mtu wa hapa aandike wasia, atakurukia: "Unanichuria kifo!" Mwambie akapatane na nduguye, hawasemezani tangu msiba wa mama yao, atakuuliza, "Kwani mimi naumwa?" Na toba? Toba tumeiwekea uzee. Sisi sote tuna jiwe tulilolizuia, na kila Ijumaa tunatazama tundu na kusema bado. Wallahi, tunadhani Malaika wa mauti anangoja tumalize ujenzi?

Boriti zako wewe ulizigonga lini? Usinijibu mimi. Simameni, tunyooshe safu, na kila mtu aswali swala hii kama mtu aliyekwisha kuegemea boriti.